Mvuvi na Baridi ya Usiku

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa Baraka, au wa Mboko, au wa Kazimia, au wa vijiji vya Ubwari, hatuna haja ya kukueleza kazi ya ziwa. Umeijua tangu utoto. Jua likishatua mitumbwi hutoka, na giza likiingia taa huwaka juu ya maji, nyingi kama taa za mji. Asubuhi akina mama hungoja ufukoni na mabeseni yao, na siku ile watu hula ndakala, lumbu au mikeke. Kazi hii hulisha nyumba nyingi, hulipa karo za shule, hununua dawa.

Lakini katika kazi hii yuko adui mmoja ambaye watu humdharau. Dhoruba wanaiogopa. Mamba wanamwogopa. Baridi hawaiogopi. Husema, "Nchi yetu ni ya joto. Baridi ni ya Ulaya, kwenye theluji." Kisha mtu huyo huyo hurudi alfajiri akitetemeka, vidole vimekufa ganzi, hawezi kufungua hata fundo la kamba.

Tafadhali soma somo hili polepole. Kama baba yako au mume wako hajui kusoma, msomee. Tutaeleza baridi ya ziwani inatoka wapi, mvuvi avae nini, na jinsi ya kumsaidia mtu aliyepoa. Tena tutaonyesha jinsi ya kutofautisha kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa ugonjwa, maana wako watu waliochelewa kutafuta dawa kwa kudhani ni upepo tu.

BARIDI HII INATOKA WAPI?

Maji ya Ziwa Tanganyika yako juu ya bahari kwa zaidi ya mita 770. Upande wetu wa magharibi imesimama milima ya Itombwe, na vilele vyake vinapita mita 3,000. Mchana jua hupasha nchi joto, na upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Hewa ya milimani hupoa, na hewa baridi ni nzito, basi huteremka kwa njia ya mabonde mpaka ziwani. Ndiyo ile unayoisikia mgongoni unapotoka na mtumbwi. Tena tangu Mei mpaka Septemba, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Wakati wa masika upepo huo hupungua, lakini mvua humlowesha mtu saa nzima bila mahali pa kujificha.

Hata hivyo, hewa ya usiku katika nchi yetu si kali sana. Mtu aliyeketi nyumbani, naye ni mkavu, mlango umefungwa, hujifunika shuka moja akalala vizuri. Mbona basi mvuvi anatetemeka usiku ule ule? Jibu ni hili: mvuvi anapigwa na wawili pamoja, maji na upepo. Kila mmoja peke yake ana nguvu kidogo. Wakikutana juu ya mwili mmoja, nguvu zao ni nyingi.

MTUNGI NA SHATI LILILOLOWA

Mama, jambo hili wewe unalijua kwa kazi zako za kila siku. Ukitaka maji ya kunywa yawe baridi, huyaachi katika bidoni ya plastiki. Unayatia katika mtungi wa udongo na kuuweka mahali penye kivuli na upepo. Kwa nini maji ya mtungi hupoa? Kwa sababu udongo una vitundu vidogo sana visivyoonekana. Maji kidogo hupenya na kuulowesha mtungi kwa nje. Upepo huukausha unyevu huo, nao unapokauka huondoka na joto la maji yaliyo ndani. Upepo ukizidi, maji huzidi kupoa.

Sasa mtazame mvuvi aliyekwisha kuvuta wavu. Shati lake limelowa tangu mikono mpaka kiuno. Upepo unavuma. Shati linakauka juu ya mwili wake, na linapokauka linaondoka na joto. Ni joto la nani? Ni joto la damu yake. Huyo mvuvi amekuwa mtungi.

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi. Joto hilo hutengenezwa na chakula alichokula na kazi ya misuli yake. Moyo na ubongo haviwezi kufanya kazi vizuri bila joto hilo. Likishuka chini ya digrii 35, mtu huyo ni mgonjwa, hata kama hajawahi kuona theluji maishani mwake. Maji ya ziwa letu yana joto la digrii 25 hivi. Ukiyagusa kwa mkono waona si baridi. Lakini yamepungukiwa na joto la mwili kwa digrii 12, na maji huchukua joto la mtu upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba nguo haina joto ndani yake. Blanketi si moto. Joto ni lako mwenyewe, nayo nguo hulilinda lisitoke, kama kifuniko juu ya chungu. Kinacholinda hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Maji yakiingia, hewa hiyo hufukuzwa, na nguo hiyo haikulindi tena kama kwanza. Ndiyo maana nguo mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, mara nyingi hushinda nguo moja nzito, kwa kuwa hewa hukaa katikati yao.

Basi shika neno hili, hata ukisahau mengine yote: MKAVU NDIYE MWENYE JOTO.

NAMNA YA KUVAA

Tuseme kuna wavuvi wawili katika mtumbwi mmoja. Wa kwanza ana kabuti kubwa la pamba, alilinunua sokoni kwa bei nyingi. Amelivaa tangu jioni. Amepiga kasia akatoka jasho, na kabuti likalowa kwa ndani. Amevuta wavu, na kabuti likalowa kwa nje. Ikifika saa kumi za usiku amebeba maji mgongoni mwake. Wa pili ana nguo za bei ndogo, lakini anazitumia kwa akili. Alipopiga kasia alivua sweta asitoke jasho. Alipovuta wavu alivaa koti la mvua. Kazi ilipokwisha alijifuta mwili, akavaa shati kavu. Ni yupi atakayefika nyumbani akiwa na nguvu? Wewe uvae kama huyu wa pili.

1. Nguo ya mwilini. Usivae pamba karibu na ngozi, kwa sababu pamba hunywa maji mengi na kukauka polepole. Jezi ya wachezaji wa mpira, ile nyepesi ya kung'aa, inafaa zaidi, maana hainywi maji mengi. Fanya jaribio hili nyumbani. Chovya shati la pamba na jezi katika maji, kamua zote mbili, zitundike pamoja kivulini. Baada ya saa moja zishike. Ile iliyotangulia kukauka ndiyo nguo ya ziwani.

2. Nguo ya joto. Hii ni sweta, au triko. Katika nguo za mitumba tafuta iliyofumwa kwa sufu, yaani manyoya ya kondoo. Sufu hulinda joto kidogo hata ikilowa, kuliko pamba. Usichague iliyobana kifua hata ukashindwa kuinua mikono. Ivae unapokaa kungoja samaki wakusanyike chini ya taa. Ivue kabla ya kupiga kasia kwa nguvu, maana jasho nalo ni maji.

3. Nguo ya kuzuia upepo na mvua. Koti la mvua ndilo zuri. Asiyeweza kulinunua achukue mfuko mkubwa wa plastiki nene, akate tundu moja la kichwa na mawili ya mikono, auvae juu ya sweta. Chini uwe wazi, usifike magotini, usizuie miguu. Lakini mfuko wa namna hii usipewe mtoto kuchezea, maana akiutia kichwani bila tundu atakosa pumzi.

4. Kichwa na shingo. Hapa watu wengi huacha wazi, na upepo hupapenda. Vaa kofia ya kufumwa inayofunika masikio. Funga kitambaa shingoni na uingize ncha zake ndani ya sweta zisije zikanaswa na wavu au moteri.

5. Miguu. Suruali ndefu na nyepesi ni bora kuliko ile nzito ya jinzi, ambayo ikilowa hugandamana na mapaja usiku kucha. Mabuti ya mpira hulinda miguu ufukoni, lakini ndani ya ziwa ni mazito na hukuzuia kupiga miguu ukianguka. Ukiyavaa, yawe mapana, yatoke upesi. Tena kumba maji yaliyo chini ya mtumbwi mara kwa mara. Mtu anayekaa saa nane miguu ikiwa majini, kofia peke yake haitamwokoa.

6. Nguo kavu za akiba. Hili ndilo jambo kubwa kupita yote, na gharama yake ni ndogo. Chukua shati moja, suruali moja na kitambaa cha kujifutia. Vitie katika mfuko wa plastiki usio na tundu, kunja mdomo wake mara tatu, funga kwa kamba, kisha tia katika mfuko wa pili. Uweke mahali pa juu mtumbwini. Usiufungue mpaka wavu umekwisha kuvutwa. Wavu ukiisha, usingoje kufika nyumbani, maana njia ya kurudi ndiyo yenye baridi kubwa: umechoka, umelowa, na mwendo wa mtumbwi huongeza upepo. Vua zilizolowa, jifute, vaa kavu, kisha koti juu yake.

7. Jile la kuelea. Jile huvaliwa juu ya nguo zote, na kamba zake hufungwa. Wengi huliweka chini ya mtumbwi au hulikalia kama mto. Mtumbwi ukipinduka hutakuwa na nafasi ya kulitafuta gizani. Tena jile lina faida mbili: hukushika juu ya maji, nalo hufunika kifua chako upepo usipenye.

CHAKULA NA KINYWAJI

Moto wa mwili hauwaki bila kuni, na kuni zake ni chakula. Kula ugali na samaki au maharagwe kabla ya kuondoka. Chukua karanga au viazi vya kuchemsha vya kula katikati ya usiku. Chukua chai yenye sukari katika chupa ya chai. Na chai hiyo ina kazi nyingine: mtu mwenye chai hatachota maji ya ziwa kwa mkono na kuyanywa. Watu wa Baraka na Fizi wameuguliwa na kipindupindu mara nyingi, na maji yasiyochemshwa ni njia yake kubwa.

MAMBO YANAYODANGANYA

Pombe kali. Wako wanaosema lotoko hupasha mwili moto. Ni kweli unasikia joto, lakini sikia sababu yake. Pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu ya moto hutoka ndani na kuja juu ya ngozi, ukasikia joto usoni na kifuani. Kisha upepo huichukua joto hiyo, na damu hurudi moyoni imepoa. Ni kama mtu mwenye baridi aliyefungua mlango ili moto wa jikoni upashe uwanja. Tena mlevi hajui kwamba amepoa, na akianguka majini hawezi kujiokoa.

Sigara. Tumbaku hufunga mishipa midogo ya vidole. Mikono huzidi kupoa, nawe unataka mikono kwa kazi ya wavu.

Moto chini ya turubai. Usiwashe mbabula ya makaa mtumbwini na kujifunika nayo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, kisha haamki. Na karibu na bidoni ya esansi, cheche moja yatosha kuteketeza mtumbwi na watu wake.

Taa. Wazee wetu walivua kwa taa za kupiga pampu zenye mafuta ya taa, na taa zile zilitoa joto pamoja na mwanga, mtu akapasha vidole. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Ni nzuri, haziunguzi mtu, lakini mwanga wake hauna joto la kutosha. Kwa hiyo yule aliyebadili taa imempasa abadili na nguo zake.

DALILI ZA MTU ALIYEPOA

Mwili una hekima yake. Ukianza kupoa, damu hukimbia mikononi na miguuni ili kulinda moyo, ndipo vidole hufa ganzi. Kisha misuli hutetemeka ili kutengeneza joto. Kutetemeka ni msaada, lakini pia ni onyo.

Jaribio la kidole: gusisha kidole chako kidogo na kidole gumba cha mkono ule ule. Ukishindwa, umepoa kupita kiasi. Acha kazi, vaa nguo kavu, kunywa chai.

Mchunguze na mwenzako. Mwulize majina ya watoto wake. Je, anajibu sawasawa, au ulimi ni mzito kama wa mlevi? Je, anajikwaa, anaangusha vitu, anakasirika bila sababu, anataka kulala? Hizo ni dalili za hatari, kwa maana ubongo wake umeanza kupoa. Na iliyo mbaya kuliko zote ni hii: mtu aliyekuwa akitetemeka sana ameacha kutetemeka, naye bado amelowa na bado ana usingizi. Usifurahi na kusema amepona. Mwili wake umeishiwa nguvu. Rudini nchi kavu mara moja, hata kama samaki ni wengi.

NAMNA YA KUMSAIDIA

Mtoe penye upepo, au mzuieni upepo kwa turubai na migongo yenu. Mvue nguo zilizolowa, mfute, mvike kavu, mfunike kichwa. Usimlaze juu ya mbao zenye maji. Tandika kitu chini yake. Kama hakuna blanketi, mtu mmoja mwenye joto avue shati, amkumbatie kifua kwa kifua, nanyi mwafunike wote wawili. Msione haya, hiyo ni dawa ya kweli.

Akiwa macho na aweza kumeza, mpe chai ya sukari kidogo kidogo. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimkimbize ili apate joto. Usimweke karibu sana na moto, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kujua. Mchukue kwa upole, kisha mpeleke kituo cha afya.

Aliyetolewa majini bila pumzi, usimning'inize kichwa chini kumwaga maji, wakati unapotea. Mlaze chali, inua kidevu chake, mpulizie pumzi kinywani, na kukandamiza kifua chake katikati. Endeleeni kwa zamu, wala msikate tamaa upesi.

MTUMBWI UKIPINDUKA

Shika mtumbwi. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji. Panda juu yake kadiri uwezavyo, ili sehemu kubwa ya mwili itoke majini. Usiogelee kwenda kwenye taa za Baraka kwa kuwa zinaonekana karibu. Usiku hudanganya macho, na watu wengi huishiwa nguvu njiani. Vua mabuti na kabuti zito, lakini usivue nguo nyingine, maana zinashika maji yaliyokwisha kupata joto la mwili wako. Mkiwa wengi, kaeni mmekumbatiana, watoto katikati. Ukiwa peke yako na una jile, kunja magoti mpaka kifuani na utulie. Filimbi moja iliyofungwa shingoni husikika mbali kuliko sauti ya mtu.

KUTETEMEKA AMBAKO SI KWA BARIDI

Sasa, msomaji, tega sikio. Mvuvi anarudi nyumbani, anavaa nguo kavu, anakunywa chai, analala penye blanketi mbili. Saa mbili zinapita na bado anatetemeka meno yakigongana. Mke wake anasema, "Ni upepo wa ziwa." Siku ya pili ana homa, kichwa kinauma, anatoka jasho. Bado wanasema ni upepo.

Upepo hauleti malaria. Malaria huletwa na mbu anayeuma usiku, na kwa kawaida homa huanza siku 10 mpaka 15 baada ya kuumwa. Kwa hiyo kutetemeka kwa leo hakukutoka katika upepo wa jana. Jua tofauti yake: baridi ya ziwani HUSHUSHA joto la mwili, bali malaria HULIPANDISHA. Baridi huisha ukikauka na kupata joto. Malaria haiishi kwa blanketi. Ukitetemeka hali umekauka, au paji la uso likiwaka moto, nenda kituo cha afya siku ile ile. Watachukua tone la damu kidoleni na kukuambia upesi kama ni malaria. Ukipewa dawa, zimalize zote.

Vivyo hivyo na ugonjwa wa mapafu. Nimonia hutokana na vijidudu, wala si baridi peke yake. Lakini usiseme "ni kifua cha ziwa" ukakaa nyumbani. Mtu mwenye kikohozi na homa, anayepumua mbio, ambaye kifua humchoma akivuta pumzi, aende hospitali. Kuna dawa ya kumponya, ikiwa hajachelewa.

Na mikono mirefu ya shati yako, iliyokulinda na upepo, itakulinda pia na mbu unapongoja ufukoni wakati wa jioni.

WAGONJWA NA WATOTO WANAOVUSHWA

Maneno haya si ya wavuvi tu. Watu wa Ubwari huvuka kwa mtumbwi kuja Baraka, na wagonjwa huvushwa hivyo hivyo, mara nyingi usiku, maana uchungu wa kuzaa haungoji asubuhi. Baba unayeshika kasia, sikia.

Mama aliyezaa na anayetoka damu hupoa upesi kuliko wewe. Tena damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri, basi baridi huzidisha kutoka kwa damu. Mlaze juu ya mkeka mkavu, mbali na maji ya chini ya mtumbwi, mfunike blanketi na turubai juu yake.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Hupoa kimya kimya. Mfute awe mkavu, mvike kofia, mweke uchi kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikeni pamoja. Anyonye njiani. Akiwa baridi miguuni na tumboni, amelegea, hataki kunyonya, waambie wauguzi mara mfikapo.

Na mama mnunuzi wa ndakala, unayengoja mitumbwi alfajiri na mtoto mgongoni: ukiingia majini kupokea beseni, kitenge hulowa, na mgongo wa mtoto hulowa pamoja nacho. Mwache na mtu penye nchi kavu, au uwe na kitenge cha pili.

MWISHO

Mnaosoma Injili ya Yohana mwakumbuka sura ya 21. Petro na wenzake walivua usiku kucha, wasipate kitu. Walipofika pwani walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Bwana alijua kwamba watu waliotoka ziwani alfajiri wanataka moto na chakula. Je, kwenu ufukoni kuna moto? Si vigumu kwa wake wa wavuvi, au kwa vijana wa kanisa, kuwasha moto mmoja, kuchemsha sufuria moja ya chai, na kuweka blanketi moja kavu kwa ajili ya yeyote atakayerudi akitetemeka.

Usiku huu, kabla ya kusukuma mtumbwi, uliza swali moja tu: "Nguo zangu kavu ziko wapi?" Kama huna jibu, rudi nyumbani ukazichukue. Samaki watangoja.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini maji ya mtungi hupoa? Shati lililolowa linafanana na mtungi kwa jambo gani?
2. Taja vitu vitatu vya kutia katika mfuko wa akiba. Mfuko huo hufunguliwa lini?
3. Kwa nini pombe kali haimpi mvuvi joto la kweli?
4. Mwenzako ameacha kutetemeka, lakini amelowa na anataka kulala. Utafanya nini?
5. Mtu anatetemeka chini ya blanketi mbili, naye amekauka. Aende wapi, na lini?